Windows na Ubuntu katika diski mbili za SSD: GRUB iongoze zote, au kila diski ijiwashe yenyewe?

Mkazi wa Kisasa
Wadau, kompyuta yangu ya mezani ina diski mbili za SSD: ya NVMe yenye Windows, ambayo mke wangu huitumia kwa hesabu za duka, na ya SATA ya GB 240 ambayo ni tupu na ninataka kuiwekea Ubuntu. Ninasita kati ya kuiacha GRUB (programu ya Linux ya kuchagua mfumo wa kuwasha) isimamie mifumo yote miwili, na kuacha kila diski ijitegemee, kisha niwe ninachagua kwa kitufe cha F12 kompyuta inapowaka. Ipi haitanisumbua baadaye?

Fundi wa Nkuhungu
Ya pili. Katika UEFI, yaani programu ya ubao inayoiwasha kompyuta (wengi bado huiita BIOS), kila mfumo huwashwa kupitia patisheni ndogo ya EFI, sehemu ya diski yenye mafaili ya kuwashia, na visakinishi havina adabu ya kubaki kwenye diski vilivyoelekezwa. Cha Windows kikikuta patisheni ya EFI kwenye diski nyingine, huweza kuitumia hiyo hiyo. Na kisakinishi cha zamani cha Ubuntu kimelalamikiwa kwa miaka mingi kwa kuiandika GRUB katika diski ya kwanza hata ukichagua ya pili. Madhara yake huonekana siku diski moja inapokufa au unapoichomoa kuiuza: iliyobaki haiwaki, ingawa ni nzima na mafaili yote yamo. Zima umeme, chomoa NVMe, sakinisha Ubuntu katika SATA ikiwa peke yake, kisha uirudishe.

Mwanafunzi wa Makulu
Ninatofautiana kidogo na fundi. Mimi na mdogo wangu tunatumia kompyuta moja, na menyu ya GRUB inayojitokeza yenyewe ni rahisi kuliko kumfundisha mtu kuwahi kitufe, ambacho nacho hubadilika: Dell na Lenovo kwa kawaida ni F12, HP ni F9. Fahamu tu kwamba tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB kwa kawaida haitafuti mifumo mingine mpaka uandike GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false katika /etc/default/grub na kuendesha update-grub. Wengi hudhani Windows imefutika.

Fundi wa Nkuhungu
Hoja yako ninaikubali, na inawezekana hata kila diski ikiwa na EFI yake: unaitanguliza Ubuntu katika mpangilio wa UEFI, basi. Ila hapa mtumiaji mkuu ni mama wa dukani, kwa hiyo ningeiacha Windows itangulie.

Mdau wa Kongwa
Kabla ya kugusa BIOS, hifadhi nje ya kompyuta ufunguo wa urejeshaji wa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, ikiwa umeiwasha. Zima pia uwashaji wa haraka wa Windows, kwa sababu huiacha patisheni ya Windows (NTFS) nusu wazi, na Ubuntu inaweza kukataa kuiandikia. Saa nayo itapishana: Ubuntu huhifadhi saa ya UTC (saa ya kimataifa) kwenye ubao, Windows huisoma kama saa ya hapa, hivyo inabaki nyuma kwa saa 3. Mimi nilinunua betri ya ubao bure kabla ya kuijua amri ya timedatectl set-local-rtc 1, inayoifanya Ubuntu nayo itumie saa ya hapa.

Mkazi wa Kisasa
Nimemaliza jana jioni. NVMe imejificha chini ya kadi ya picha, na kwa kuwa ubao wangu unaruhusu, niliizima kwenye BIOS badala ya kuichomoa. Windows inatangulia, Ubuntu ninaifuata kwa F12. Saa zilipishana kweli, nikazirekebisha kwa amri ya mdau wa Kongwa. Mke wangu amefungua duka asubuhi bila kutambua kwamba kuna kilichobadilika.