Mrejesho: Baiskeli baada ya miaka 50

Wakuu, niliuliza: nina miaka 52, nipo Tanga, goti la kulia linauma nikiendesha baiskeli, niendelee au niache?

Naendelea. Kilichosaidia zaidi ni ushauri wa siti. Ikiwa chini mno goti hukunjika sana na kubeba mzigo wote, kwa hiyo fundi aliipandisha hadi pedali ikifika chini kabisa goti libaki limepinda kidogo tu. Pia natumia gia nyepesi, nazungusha miguu haraka badala ya kukanyaga kwa nguvu. Maumivu yamepungua sana, hayajaisha.

Daktari alinipima presha, akanitajia kiwango cha Shirika la Afya Duniani: angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Akaongeza kuwa baiskeli peke yake haiimarishi mifupa vya kutosha, nitembee pia na kunyanyua vitu vizito kiasi.

Mji wetu ni tambarare, Raskazone asubuhi ni raha. Barabara ya Pongwe nimeiacha, malori hayana huruma.

Ile kaptula yenye sponji mama watoto bado anaicheka, ila makalio yanashukuru. Sasa natafuta taa ya mbele ya bei nafuu, mwenye kujua anielekeze.