Mdogo wangu katoka Chuo cha Mafunzo (jela ya huku Zanzibar) mara ya pili, tufanye nini asirudi tena?

MtotoWaKonde
Assalam alaykum wandugu. Nipo Konde, Pemba. Mdogo wangu ana miaka 22, wiki ya tatu hii tokea atoke chuo, kakaa miezi 14 kwa wizi wa karafuu. Mara ya mwanzo alikaa miezi sita, katoka hata nusu mwaka haujafika kakamatwa tena. Huko ndani kasomeshwa useremala na mkono wake mzuri mashallah, juzi kanitengenezea kigoda kwa vipande vya mbao vilivokuwa uani, hakina msumari hata mmoja, kachonga ndimi zikaingiana tu. Lakini nje hana randa, hana msumeno, hana kitu.

Msimu umeanza nkampeleka kwa jirani achume, maana kupanda mkarafuu anajua tokea mdogo. Kachuma pishi nne mpaka adhuhuri, jioni polo moja (gunia) likawa halionekani pale jamvini, basi wakaja watu sita nyumbani na tochi. Polo lilipatikana usiku huohuo, kijana wa mwenye shamba ndo alolipeleka kwa bibi yake kuanikwa. Hakuna hata mmoja alorudi kusema tumekosea. Tokea siku hiyo hatoki, analala mchana kutwa na usiku wale rafiki zake wanakuja nyuma ya nyumba wanapiga mluzi. Mama hali hanywi. Nauliza, hivi mtu akishatoka ndo basi tena, hakuna wa kumfatilia?

NishapitaHuko
Waalaykum salaam, poleni sana na mwambie mama asubiri. Mie nipo Unguja, nshakuwa mwanafunzi mara tatu (wale wa Bara mnaosoma, kwetu hatusemi mfungwa, tunasema mwanafunzi) na sasa mwaka wa tisa sijarudi kwaiyo nakwambia nnalolijua. Huo mluzi ndo wa kuogopa. Mara mbili za mwanzo nilitoka na nauli tu mfukoni, nikashuka kwenye gari sijui niende wapi, wa mwanzo kunichangamkia ni wale wale, chai yao, sigara yao, godoro lao, na mtu aliekulaza wiki nzima akikwambia leo tuna kazi ndogo utamwambia nini?

Mara ya tatu ami yangu alikuja kunisubiri getini asubuhi na mapema na pikipiki yake, hakunipeleka nyumbani, kanipeleka moja kwa moja kwa fundi gari anaejuana nae nikavaa ovaroli siku hiyohiyo. Yule fundi akawaita vijana wake wote akasema mbele yangu, kitu kikipotea hapa tunatafuta wote na tunapekuliwa wote, mimi wa mwanzo. Wallahi nililia. Kwaiyo mtafutie mtu wa namna hiyo, mmoja tu anatosha.

Na umuulize bila kumgombeza, anatumia unga? Kama anatumia hata umpe karakana nzima ataiuza. Mie nilipita soba hausi kwanza, nyumba ya kuachia unga, na kuna mwenzangu yuko kwenye methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, hospitali ya Kidongo Chekundu, kila siku anakwenda kuinywa mbele ya muuguzi na sa hivi anauza samaki na familia yake inakula.

BintiMachomanne
Kaka pole. Nafanya kazi za ustawi, zaidi kwa watoto. Sheria ya Mtoto ya 2011 inamlinda alie chini ya miaka 18, mdogo wako keshapita hapo kwaiyo mzigo mwingi utakuwa wenu, lakini nenda kwa afisa ustawi wa wilaya na kwa sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa wenu), usiende peke yako, nenda na yeye mwenyewe awepo pale anasikia.

Jambo la kumsimamia mtu akiwa nje alolianzisha hakuwa hakimu wala polisi. Alikuwa fundi viatu, John Augustus wa Boston kule Marekani, 1841 alikuwepo mahakamani akaona mlevi anataka kufungwa akamdhamini akaondoka nae, wiki tatu baadae kamrudisha mbele ya hakimu amebadilika watu hawakumtambua. Mpaka anakufa 1859 keshadhamini watu karibu 2,000. Aliwatafutia kazi na pa kulala, ndo sehemu ambayo wengi tunaisahau, tunadhani kusimamia ni kumwita mtu kila siku aripoti umtazame usoni.

Kuripoti peke yake hakumzuii mtu kurudia makosa, watu wa Kanada wameliandika sana hili tokea 1990, kwamba nguvu ziende kwa alie kwenye hatari zaidi na zielekee kwenye kile hasa kinachomrudisha. Wa kosa dogo ukimbana sana ukamchanganya na wazoefu unamharibu. Sasa mdogo wako kinachomrudisha umeshakisema mwenyewe, hana kazi, wale wa mluzi, na kijiji kishamhukumu. Anzeni hapo.

DukaLaPili
Mie nasema kwa upande wa tulioibiwa. Duka langu limevunjwa mara mbili, mara ya pili kijana alikaa ndani mwaka na mie sikupata hata senti, katoka tunapishana njiani kila mtu anatazama chini. Alienivunjia mara ya mwanzo yeye baba yake alimleta barzani kwangu na sheha yupo, akasema mbele za watu nimechukua hiki na hiki, tukaandikiana, akawa ananiletea elfu tano kila Ijumaa baada ya sala mpaka deni likaisha. Huyo leo namkopesha unga wa ngano bila kuandika. Na huyo mwenye shamba wa Konde nae ana deni, kamwaibisha mtoto wa watu, sheha amwite aje aseme mbele ya walewale sita.

MtotoWaKonde
Nimesoma zote nimemsomea na yeye, kakaa kimya alafu kasema unga hajawahi kugusa, bangi ndio, na namuamini. Nimeongea na sheha, kesho baada ya laasiri tunakutana kwake na mwenye shamba kakubali kuja. Kuna mzee hapa fundi milango macho yanamsumbua anataka kijana wa kumpigia randa, kasema amuone kwanza kazi yake. Nampelekea kile kigoda.