Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki SI Kip Keino! Nimechoshwa na chemsha bongo za majibu ya kunakili

Wanajamvi, hamjambo.

Sina mazoea ya kufungua uzi wa malalamiko. Wanaonifahamu humu wanajua kwamba mimi huweka maswali yangu kumi Jumapili, Jumatatu nikayasahihisha, basi. Lakini tangu Ijumaa usiku nina donge kooni, na nisipolitoa hapa kwa wapenzi wenzangu wa mchezo huu sijui nitalitolea wapi.

Kuna kikundi kimoja cha chemsha bongo hapa Nairobi, jina sitaji. Kiko WhatsApp, kina watu mia mbili na ushei, na kila Ijumaa saa tatu usiku huwa na shindano. Mnacheza wawili wawili. Kila timu inatuma shilingi mia moja kwa simu kabla ya saa mbili, maswali ni arobaini, na kila swali lina sekunde ishirini ili mtu asipate nafasi ya kuchungulia mtandaoni. Mshindi anachukua 1,500. Si pesa za kumtoa mtu kwenye umaskini. Mimi hulipa kwa sababu ya mpwa wangu, yuko Kidato cha Tatu, anakaa nami hapa Umoja tangu mamake apate kazi Mombasa. Jumamosi anapanda matatu mpaka maktaba ya McMillan, pale karibu na Msikiti wa Jamia, na jioni anarudi na daftari limejaa miji mikuu, mito, wanariadha, sayari. Mtoto anapenda kujua vitu, jameni. Nani hataki mtoto wa namna hiyo nyumbani?

Ijumaa tulikuwa tunaongoza. Likaja swali la 37: "Ni Mkenya yupi wa kwanza kushinda medali ya Olimipiki?" Waliandika hivyo hivyo, Olimipiki. Likumbukeni kosa hilo, nitalirudia.

Kijana hakungoja nimwambie. Akaandika: Wilson Kiprugut, shaba, mita 800, Tokyo 1964. Hazikupita sekunde kumi. Nikampiga bega, nikijua pointi ni yetu.

Jibu likatolewa: Kipchoge Keino. Sisi tukapigwa mkasi. Timu zilizoandika Keino zikapewa pointi, na mwisho wa mchezo tukashindwa kwa pointi moja. Moja!

Sasa niseme wazi ili asije mtu hapa kunieleza kwamba ni suala la maoni. Kenya ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza Melbourne 1956, ikarudi mikono mitupu. Roma 1960, mikono mitupu tena. Oktoba 1964, nchi haijafikisha hata mwaka mmoja tangu uhuru wa Desemba 12, 1963, Kiprugut anasimama Tokyo kwenye fainali ya mita 800 na kumaliza wa tatu nyuma ya Peter Snell wa New Zealand na Bill Crothers wa Canada. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya Kenya. Hakuna nyingine kabla yake. Keino alikuwa Tokyo hiyo hiyo, akamaliza wa tano katika mita 5,000.

Na hata kama swali lingekuwa la dhahabu ya kwanza, bado jibu si Keino! Ni Naftali Temu, mita 10,000, Mexico 1968. Katika mbio hizo hizo Keino alikuwa mgonjwa wa nyongo, maumivu yakamwangusha kabla ya kumaliza. Siku chache baadaye akarudi na ugonjwa wake akamshinda Jim Ryun wa Marekani katika mita 1,500. Mwaka 1972 kule Munich akachukua dhahabu nyingine ya kuruka viunzi na maji. Mtu mwenye sifa kubwa namna hiyo hana haja ya kuongezewa sifa ya mwenzake. Kiprugut naye alirudi Mexico 1968 akapata fedha katika mita 800 zile zile. Akafariki 2022. Miaka yote hiyo alikuwa hai katika nchi hii, na bado sisi wenyewe, kwenye simu zetu wenyewe, tunamfuta kwa swali la shilingi mia!

Nikamwandikia mwendeshaji faraghani, kwa heshima. Nikampigia picha ukurasa wa kitabu. Nikamtumia na kiungo cha kumbukumbu za Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, zilizo wazi kwa kila mtu. Akanijibu: "Kaka, jibu ni lililo kwenye karatasi. Uamuzi wa mwendeshaji ni wa mwisho." Nikauliza karatasi hiyo imeandikwa na nani. Kimya. Nikaandika kikundini, akafunga kikundi wasiandike ila yeye na wasaidizi wake. Jumamosi asubuhi tumeamka, mimi na kijana tumeondolewa wote wawili.

Kinachoniuma si ile 1,500. Kijana aliniuliza tukinywa chai: "Mjomba, kwa hivyo nikiulizwa tena niandike lipi?" Nikamwambia andika la kweli. Akasema, "Lakini la kweli linakosa pointi." Nilishika kikombe sina la kusema.

Baada ya hapo nikaanza kuchimba. Nikatafuta lile swali neno kwa neno, pamoja na Olimipiki yake. Nimelikuta katika vikundi vingine viwili, na kimoja kililitumia 2021. Kosa lile lile la tahajia, jibu lile lile la uongo, mpaka mpangilio wa maswali yanayolitangulia ni ule ule. Yaani huyu bwana anayekusanya pesa zetu kila Ijumaa hajatunga kitu. Karatasi imepitishwa mkono kwa mkono, na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kufungua kitabu.

Wazee wa mchezo huu mnakijua kisa cha Fred Worth, lakini wageni wakisikie. Worth alikuwa Mmarekani aliyekusanya ensaiklopidia za mambo madogo madogo ya kujua. Ndani ya kazi yake akapachika uongo mmoja kwa makusudi: kwamba jina la kwanza la mpelelezi Columbo wa kwenye televisheni ni Philip. Mchezo wa Trivial Pursuit, uliobuniwa Canada 1979, ukatoka na swali hilo na jibu hilo hilo, Philip. Mwaka 1984 Worth akawashtaki. Kesi akashindwa, kwa maana ukweli hauna mwenyewe kisheria, yeyote anaweza kuutumia. Lakini kila mtu aliona kilichotokea: kweli inaweza kupatikana na watu wawili kila mmoja kivyake, uongo wa aina ile haupatikani hivyo. Unanakiliwa tu. Ndiyo maana ile Olimipiki kwangu ni alama ya vidole iliyoachwa dirishani.

Na si swali moja. Nimekaa na skrinishoti za wiki nane. Kuna swali la nchi kubwa zaidi Afrika, jibu lao Sudan. Sudan Kusini ilijitenga Julai 9, 2011! Tangu siku hiyo kubwa zaidi ni Algeria. Mji mkuu wa Burundi wanaandika Bujumbura, wakati makao makuu ya kisiasa yalihamia Gitega 2019. Tanzania wameiwekea Dar es Salaam, na hapo jirani zetu mtusamehe. Swaziland bado ipo kwenye karatasi yao, ilhali ni Eswatini tangu 2018. Ukipita wauza vitabu vya mitumba kando ya barabara mjini utaona atlasi za zamani zimepangwa chini, na nadhani maswali mengi yametoka kwenye kurasa hizo. Sina ugomvi na muuza kitabu, yeye anauza kitabu cha zamani kwa bei ya kitabu cha zamani. Huyu anatuuzia habari iliyochacha kwa bei ya leo, halafu anayejua kwamba imebadilika ananyimwa pointi.

Rekodi ya marathoni ndiyo ilinipandisha damu kabisa. Jibu lao: Eliud Kipchoge, 1:59:40. Ule muda wa Vienna, Oktoba 2019, haukuwahi kuwa rekodi rasmi. Hayakuwa mashindano ya wazi, na wakimbizaji kasi, wale wa kumshikia mwendo, walikuwa wakipokezana njia nzima. Rekodi yake rasmi ilikuwa 2:01:09 ya Berlin 2022, na Kelvin Kiptum akaivunja Chicago Oktoba 2023 kwa 2:00:35. Kiptum akatutoka Februari 2024. Kwenye karatasi yao hayupo kabisa. Tunawafuta marehemu wetu mmoja baada ya mwingine!

Halafu Kiswahili. Hapa najua kuna wenzangu wataniunga mkono. Haya maswali mengi yametafsiriwa na mashine na hayakusomwa. "Mnyama mwenye kasi zaidi nchi kavu": jibu lao chui. Chui! Anayekimbia ni duma. Mtoto wa Nairobi akienda mbuga iliyo hapa hapa jijini anafundishwa tofauti ya wawili hawa, madoa ya duma ni duara lililojaa na ya chui ni kama maua, na duma ana mistari miwili myeusi ya machozi usoni. Swali jingine linauliza "kobe wa baharini" hutaga wapi, wakati watu wa pwani wana neno lao, kasa, tangu enzi za mababu. Mpwa wangu aliwahi kunyimwa pointi kwa kuandika Mirihi, ile sayari nyekundu, kwa sababu karatasi ilikuwa na Mihiri. Neno limetoka Kiarabu, kamusi zina Mirihi, vitabu vya shule vingi vina Mihiri. Mwendeshaji mwenye akili timamu anakubali yote mawili na mchezo unaendelea. Hilo lilitumaliza nguvu wiki nzima.

Ndugu zangu, mimi natunga maswali mwaka wa sita sasa. Natunga usiku baada ya kazi, kwa kalamu, na swali moja zuri linaweza kunila saa nzima. Jibu nalitafuta mahali pawili pasipohusiana, maana tovuti mbili zilizonakiliana ni tovuti moja. Kisha naliuliza swali langu mwenyewe kama adui: je, kuna jibu jingine ambalo mtu mwaminifu angetoa? Ukiuliza "mji mkuu wa Afrika Kusini" umekwisha, kwa sababu Pretoria, Cape Town na Bloemfontein zote zina dai. Uliza bunge linakaa wapi, ubaki na moja. Ukiuliza "Afrika ina nchi ngapi", mmoja ataandika 54 za Umoja wa Mataifa na mwingine 55 za Umoja wa Afrika, na wote wamesoma. Ukiuliza jambo linalobadilika, tia tarehe ndani ya swali lenyewe. Mji mkuu wa Kazakhstan ulikuwa Astana, 2019 ukaitwa Nur-Sultan, 2022 ukarudi Astana. Swali lisilo na mwaka hapo ni mtego kwa mjuzi na zawadi kwa asiyejua.

Na kubwa kuliko yote, acha dakika kumi za rufaa kabla ya kutangaza mshindi. Mimi nimekosea, tena si mara moja. Mwaka juzi humu humu niliandika kwamba Wangari Maathai ni Mwafrika wa kwanza kupata Nobeli ya Amani. Mwanajamvi mmoja wa Nakuru akanikumbusha Albert Luthuli wa Afrika Kusini, tuzo ya 1960. Maathai, 2004, ni mwanamke wa kwanza wa Afrika. Nilifuta jibu, nikarudisha pointi za watu kumi na moja, nikaomba radhi usiku ule ule. Haikunipunguzia kitu.

Kwa hiyo nasema na wewe mwendeshaji, najua unasoma humu kwa sababu maswali yangu ya Machi niliyaona kwenu Aprili. Pesa usiturudishie. Kikundini usiturudishe kama hutaki. Rekebisha jibu la swali la 37. Liandike mbele ya watu wote mia mbili: Wilson Kiprugut, Tokyo 1964. Na hiyo karatasi uliyoirithi, ichome.

Nyinyi wengine mlio na maswali hayo kwenye simu, nawaomba msiyasambaze. Mwenye skrinishoti za makosa ya namna hii aziweke hapa chini, lakini afiche majina na nambari za watu.

NYONGEZA, Jumatatu asubuhi: Wengi mmeniuliza kikundi ni kipi. Sitasema, sikuja kumwaibisha mtu kwa jina. Kijana ameondoka kwenda shule sasa hivi, ameacha daftari mezani. Nimelifungua. Kwenye ukurasa wa Tokyo, kando ya jina la Kiprugut, ameweka alama ya kuuliza kwa penseli. Haikuwepo wiki iliyopita. Mwendeshaji, alama hiyo uliiweka wewe, na nitaendelea kuandika hapa mpaka uje uifute.