Kabaidi au hai-spidi kwa lethi ndogo? Nanunua wiki hii

Mkerezaji_Mpya: Habari zenu wakuu. Hela niliyo nayo inatosha seti moja tu ya visu vya lethi, ile mashine ya kukereza chuma. Nichukue kabaidi (zile ngumu sana) zenye ncha za kubadilisha, au hai-spidi (za chuma kigumu cha aloi) za kunoa mwenyewe? Nasikia kabaidi inakata kwa kasi mara nne, kwa hiyo kazi itaisha mapema.

Bwana_Chaki: Karibu ndugu. Unakata chuma gani? Kipenyo kiasi gani? Lethi inafika mizunguko mingapi kwa dakika, na mota ina nguvu gani? Bila hayo tutapiga ramli tu.

Nchakali: Kabaidi. Hai-spidi inaanza kulainika joto likifika nyuzi 600 hivi, kabaidi inapita 800 ikiwa bado ngumu. Mimi jiwe la kunolea nilishaliaga.

Fundi_Shafti: Nchakali, taratibu. Niliwahi kukereza shafti ya chuma laini, kipenyo milimita 40, kwa kabaidi. Niliogopa nikaweka mizunguko 180, yaani chuma kinapita kwenye kisu mita 22 na ushee kwa dakika. Chuma kikaanza kuganda kwenye ncha, donge likawa linakua, likibanduka linaondoka na kipande cha kabaidi. Uso wa shafti ukatoka umekwaruzika vibaya. Nikadhani kasi ni kubwa, nikapunguza tena. Ikawa mbaya zaidi! Ncha tatu zimekwenda, na shafti yenyewe ya mteja imeshapungua kipimo. Nilinunua chuma kingine kwa hela yangu, nikafunga hai-spidi mizunguko ileile 180, nikamaliza bila shida. Kabaidi ilitaka mara nne au tano ya ile kasi.

Nchakali: Ulimwagia maji?

Fundi_Shafti: Kwa brashi, mara mojamoja.

Nchakali: Basi ndiyo hayo. Kabaidi ikichemka halafu ikapata maji ya ghafla inapasuka. Mwaga mfululizo au usimwage kabisa.

Fundi_Shafti: Maji yanaeleza ufa. Lile donge je?

Hesabu_Kwanza: Donge ni la kasi ndogo. Mizunguko na kasi ya kukata ni vitu viwili, tafadhalini. Mizunguko = 318 × kasi (mita kwa dakika) ÷ kipenyo (milimita). Chuma laini kwa hai-spidi ni mita 30 hivi kwa dakika: kipenyo cha 40 kinataka mizunguko 240, cha 10 kinataka 950. Na msiizidishe ovyo. Mhandisi Mmarekani Frederick Taylor alionyesha mwaka 1907 jinsi kasi inavyokula uhai wa kisu. Kwa hai-spidi, ukiongeza asilimia 20 tu kisu kinadumu kama robo ya muda wake.

Mkerezaji_Mpya: Samahani kwa kuchelewa. Ni chuma laini, milimita 12 hadi 50. Mwisho wa lethi ni mizunguko 1200, mota kilowati 0.55.

Hesabu_Kwanza: Kumbe! Kwenye 12 hutavuka mita 45, kabaidi haijafika kwake. Kwenye 50 unafika 188, ila mota haitakubali: mita 120, kina milimita 2, mwendo wa kisu 0.2 kwa mzunguko, hapo ni zaidi ya kilowati 1.5. Ile mara nne unayoitaka lethi yako haina.

Nchakali: Akate kina kidogo. Halafu zipo ncha kali za kabaidi zilizosuguliwa, za kukatia alumini, zinakata chuma laini vizuri hata kwa kasi ndogo. Mimi nazitumia.

Bwana_Chaki: Hizo ni kweli, ila makali yake hayapendi kugongwa. Kwenye shafti yenye mfereji wa kii (kile kipande kinachofunga gurudumu kwenye shafti) kisu kinagonga ukingo kila mzunguko, zinamegeka.

Mkerezaji_Mpya: Nyingi za kwangu zina mfereji. Nikichukua hai-spidi, jiwe la kijani nililo nalo litafaa kunolea?

Fundi_Shafti: La kijani ni la kabaidi. Tafuta jeupe, na uwe unachovya kisu majini mara kwa mara.

Bwana_Chaki: Kuchovya hai-spidi ikiwa ya moto sana nako kunaleta nyufa ndogondogo. Mimi nabonyeza kidogo tu, naiacha ipoe kwa hewa.

Fundi_Shafti: Nimechovya miaka yote, mkuu, sijaona ufa.