Kikundi cha familia: nyumba ya Kiamunyi

Faith, 19:06
Habari za jioni familia. Mimi na Baba Imani tumeona nyumba Kiamunyi, hapa Nakuru, vyumba vitatu, ploti ya 50 kwa 100, bei milioni 6.5. Broka anasema kuna watu wengine watatu wanaiangalia, mmoja ametoka Nairobi na pesa mkononi. Anataka tutume 200,000 leo "ya kuishikilia". Shangazi Ruth, Mjomba Isaac, naomba mwongozo kabla ya kesho.

Shangazi Ruth (wakili), 19:11
Faith mama, usitume hata shilingi. Mkataba wa kuuziana ardhi Kenya lazima uandikwe, utiwe sahihi na pande zote mbili, na kila sahihi iwe na shahidi. Meseji ya M-Pesa kwa broka haimfungi mwenye nyumba kwa lolote. Akitokea wa milioni 6.8 kesho, atamuuzia, nawe ubaki kumtafuta broka.

Shangazi Ruth, 19:14
Lakini sisemi mkae. Nyumba nzuri mjini haingoji. Usiku huu mwombe broka picha tatu: hati yenyewe kurasa zote, kitambulisho cha muuzaji, na PIN yake ya KRA (mamlaka ya kodi). Muuzaji wa kweli aliye na haraka atazituma. Akisema hati utaiona ukishalipa, hapo hakuna nyumba ya kununua.

Baba Imani, 19:16
Asante shangazi. Tukipata hati tunafanya sachi (kutafuta rekodi ya ardhi kwa msajili) mtandaoni eCitizen ama twende ofisi ya ardhi?

Shangazi Ruth, 19:23
Anza na sachi rasmi, nyumba hii na nyingine yoyote. Cheti kina sehemu tatu. A ni ardhi yenyewe: namba, ukubwa, na kama ni ya kumiliki daima au ya lisi. B ni mwenyewe: jina na namba ya kitambulisho vilingane herufi kwa herufi na kile ulichotumiwa. C ni mizigo, kama mkopo wa benki. Tafuta pia kosheni (zuio la mtu anayedai haki kwenye ardhi) na zuio la mahakama, ambavyo huandikwa sehemu ya B. Wengi wakiona jina limelingana wanafurahi na hawafiki C.

Kisha sachi pekee haitoshi. Inakuambia nani ameandikwa leo, haikuambii alifikaje pale. Mwaka 2023 Mahakama ya Upeo, kwenye kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, ilisema hati iliyotokana na ugawaji usiofuata sheria haimlindi mnunuzi hata kama alinunua kwa nia njema. Kwa hivyo wakili wako aombe kadi ya kijani kwa msajili, asome kila aliyewahi kumiliki tangu mwanzo.

Mjomba Isaac (sarveya), 19:27
Hapo pa kadi ya kijani niongeze. Ploti nyingi za pembeni mwa Nakuru zimekatwa kutoka mashamba makubwa, mengine yalinunuliwa na vyama na kampuni za wanahisa zamani. Hakikisheni hati mama, yaani ya shamba lote la awali, ilifungwa baada ya kugawanywa na mutesheni (ramani ya ugawaji) ikasajiliwa. Hati mama ikiwa bado hai, kuna hatari ardhi moja ikawa na karatasi mbili. Na mtu akija na cheti cha hisa badala ya hati, hiyo si hati, na benki haitaikubali kama dhamana.

Faith, 19:31
Ametuma hati. Ukubwa umeandikwa hekta 0.030. Ni sawa?

Mjomba Isaac, 19:35
Si sawa Faith. 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, sawa na hekta 0.046 hivi. Hekta 0.030 ni ploti ya 40 kwa 80. Na hata 50 kwa 100 haifiki robo ya nusu ekari kamili, ambayo ni 0.0506, ingawa mabroka huiita hivyo. Kwa hivyo ama tangazo limedanganya, ama ukuta wa nyuma umemeza kipande cha jirani au cha barabara. Yote mawili yanabadilisha bei.

Mjomba Isaac, 19:38
RIM, yaani ramani ya ofisi ya usajili wa ardhi, itaonyesha umbo la ploti na majirani, lakini haitoi vipimo kamili. Vipimo viko kwenye mutesheni. Nitachukua nakala zote mbili asubuhi, kisha tupime pale pale na kutafuta bikoni nne, zile alama za mipaka. Bikoni ikiwa haionekani msikubali kuonyeshwa na broka kwa kidole.

Dan (fundi), 19:40
Mkienda kupima naomba niwepo. Kiamunyi mimi naangalia ardhi kabla ya nyumba.

Faith, 19:41
Kwani kuna shida gani Dan? Nyumba ilionekana safi, imepakwa rangi juzi juzi.

Dan, 19:49
Hiyo rangi mpya ndiyo inanifanya nitake kuja. Nakuru tuko ndani ya Bonde la Ufa. Chini kuna mipasuko, mingi imelala kaskazini kwenda kusini, na juu yake ni udongo wa majivu ya volkano, mwepesi na usioshikana. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanaingia kwenye ufa na kubeba yale majivu kwenda chini. Juu unaona nyasi tu, chini pameshakuwa na pango. Siku moja panaporomoka.

Kwa nyumba angalieni hivi. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta si neno, ni simiti ilikauka haraka. Unaotisha ni ule unaoanzia kona ya dirisha ukipanda kwa ngazi kufuata viungo vya mawe, ama unaokata linta (boriti ya juu ya dirisha na mlango) ukashuka mpaka sakafuni. Ukiweza kuingiza ukingo wa sarafu ndani yake, mwite injinia kabla hamjaongea bei. Pitisheni kiganja ukutani mkiwa na tochi ya simu mmeilaza kando: palipojazwa patatoa kivuli hata kama rangi ni moja. Fungeni milango yote. Unaokwama juu upande mmoja unasema fremu imeinama.

Halafu tokeni nje. Ufa wa ardhi haukomi kwenye ploti moja. Mkiona ukuta wa jirani umepasuka, na wa jirani wa pili, na lami ina mkunjo, na vyote viko kwenye mstari mmoja ulionyooka, achaneni na hiyo nyumba.

Baba Imani, 19:52
Hili hakuna aliyewahi kutuambia. Kwa hivyo Mwariki ambako bei iko chini ni afadhali?

Mjomba Isaac, 19:54
Mwariki muangalie ziwa. Ziwa Nakuru limepanda na kuingia kwenye makazi ya watu upande wa Mwariki na Barut. Kuna sehemu ziko juu na ni salama, lakini ploti iliyo bondeni karibu na uzio wa mbuga msiiguse kwa sababu ya bei.

Kukhu, 19:57
Wajukuu mbarikiwe. Na maji je? Yapo?

Dan, 20:02
Kukhu umeuliza la maana. Broka anasema kuna kisima cha kuchimbwa. Maji ya chini huku yana floridi nyingi. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi hapo meno ya mtoto anayekua yanageuka kahawia, yakizidi sana yanaumiza mifupa. Kuchemsha hakuondoi floridi, kunaizidisha kwa sababu maji yanapungua na floridi inabaki. Chukueni chupa ya lita moja mpeleke maabara. Yakiwa juu, kuna vichujio vya mkaa wa mifupa, ama mnakunywa ya mvua na ya kampuni ya maji na kisima kinabaki cha kufulia.

Anko Peter (sacco), 20:05
Nimesoma yote. Faith, pesa mnatoa wapi? Maana hapo ndipo wengi wanashindwa na yule wa Nairobi.

Faith, 20:07
Tuna akiba ya milioni 1.3. Nyingine mkopo wa nyumba. Benki imesema inatoa asilimia 90.

Anko Peter, 20:15
Asilimia 90 ya nini? Benki inahesabu kwa bei au kwa thamani ya mthamini wake, ile iliyo chini. Mthamini akisema milioni 6 na mmekubaliana 6.5, mnapewa milioni 5.4. Mnatakiwa kuongeza milioni 1.1 kutoka mfukoni. Halafu ushuru wa stempu asilimia 4 ya 6.5 ni 260,000. Tayari ni milioni 1.36, akiba imepita, na hamjalipa wakili, mthamini, sarveya wala gharama za kusajili dhamana ya benki. Ndiyo maana mkivutana bei na mtu mwenye pesa taslimu, kila laki mnayoongeza inatoka kwenu, haitoki benki.

Ulizeni pia mikopo inayofadhiliwa kupitia KMRC, kampuni inayozipa benki na sacco pesa za kukopesha wanunuzi wa nyumba, iko kwa baadhi ya benki na sacco, riba yake huwa chini ya zile za kawaida. Na mpate barua ya kuidhinishwa mkopo, yenye kiasi na tarehe. Barua hiyo mkiiweka mbele ya muuzaji inamwambia hamtamchelewesha.

Baba Imani, 20:17
Broka amesema tena nje ya mji ushuru ni asilimia 2, na kwamba muuzaji anapendelea mkataba uandikwe milioni 4.

Shangazi Ruth, 20:24
Ya kwanza ni kweli, nje ya mji ni 2. Lakini usikisie ploti iko upande gani, weka akiba ya 4. Wanaokadiria ni serikali kwa thamani yao, kwa hivyo bei ndogo kwenye karatasi haikuokolei mengi.

Ya pili kataa kabisa. Muuzaji anakimbia kodi ya faida ya mtaji, ambayo ni asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023, na ni mzigo wake, si wako. Ukisaini milioni 4 na mauzo yakavunjika, utadai milioni 4. Ile 2.5 nyingine utaithibitisha na nini? Na benki yako haiwezi kukopesha kwa mkataba wa bei ya uongo.

Faith, 20:26
Sawa shangazi. Basi tunamshikaje huyu muuzaji asiuze wiki hii?

Shangazi Ruth, 20:36
Kwa barua ya ofa, ukurasa mmoja, kesho mchana. Iandike bei, amana asilimia 10, siku 90 za kukamilisha, na kwamba ofa inategemea sachi, vipimo na mkataba rasmi. Kisha omba kitu kimoja tu: asionyeshe nyumba kwa mwingine kwa siku 14. Muuzaji mwenye wanunuzi wanne hasumbuliwi na bei peke yake, anasumbuliwa na watu wanaoahidi na kupotea. Ukimpa tarehe, barua ya benki na jina la wakili wako, unakuwa mbele ya wengi wanaotoa zaidi kwa mdomo.

Amana, yaani 650,000, iende akaunti ya wakili wa muuzaji, na mkataba useme anaishika kwa niaba ya pande zote mbili mpaka mauzo yakamilike. Isipoandikwa hivyo atampa muuzaji siku hiyo hiyo. Mkataba ukishasainiwa, wakili wako aweke kosheni kwenye hati.

Dan, 20:38
Si afadhali kosheni iwekwe kesho, kabla mwingine hajaingia?

Shangazi Ruth, 20:43
Hapana Dan. Kabla ya mkataba huna haki ya kuisimamia. Msajili ataikataa, ama muuzaji aiondoe na akudai hasara.

Mambo mengine matatu ya mkataba. Muuzaji akiwa ameoa au ameolewa, mwenzi wake asaini ridhaa, hata kama jina lake haliko kwenye hati. Kama hati iko kwa jina la marehemu, msinunue kwa watoto mpaka mahakama ithibitishe usimamizi wa mirathi. Kabla ya hapo hakuna anayeruhusiwa kuuza ardhi hiyo. Na ikiwa bado imesajiliwa ya kilimo, lazima kibali cha bodi ya ardhi, kiombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba, la sivyo mkataba ni batili.

Anko Peter, 20:45
Na mkataba useme mkopo usipotoka kwa sababu ya hati yenye kasoro, amana inarudi yote.

Shangazi Ruth, 20:46
Kweli Peter. Pia stakabadhi ya kaunti kwamba hakuna deni la rates (kodi ya ardhi ya kaunti), na namba ya mita ya umeme iandikwe.

Faith, 20:51
Nimeelewa. Broka nimemjibu kwamba 200,000 haitoki, na ofa itafika kwa maandishi kesho. Nimemuuliza kuhusu hekta 0.030, amesoma na hajajibu.

Mjomba Isaac, 20:53
Asijibu, tutapima. Ofisi ikifungua nachukua mutesheni na RIM, saa nne niko kwenye geti na tepu. Ikiwa ni 40 kwa 80 kweli, barua ya Ruth isitoke na 6.5.

Shangazi Ruth, 20:54
Haitatoka. Nipigie ukishapima, nijaze bei.

Dan, 20:55
Nakuja na chupa ya maji na tochi. Faith, mwambie muuzaji atufungulie na dari pia.