Aliyetenga ardhi ya umma, aruhusiwe kuifungua?

Mleta mada: Wakuu, hoja yangu ni hii: ardhi ikishatengwa kwa hifadhi au mapumziko ya wananchi, mtu mmoja asiweze kuirudisha kwa saini. Sheria ya Marekani ya 1906 inampa rais uwezo wa kulinda eneo bila kupitia Bunge. Obama akaitumia 2016 kutenga Bears Ears, eneo la miamba huko Utah. Mwaka uliofuata Trump akalimega, takriban asilimia 85 ikaondoka. 2021 Biden akalirudisha. Miamba haikusogea hata hatua moja. Hiyo ni hifadhi, au ni zamu ya kushika kalamu?

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, wewe unahofia kufunguliwa, mimi nahofia namna inavyofungwa. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walikubali kuhama Serengeti, wakabaki na Ngorongoro. Tangu 2022 familia zinahamishwa kutoka huko Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari. Wapo wanaouliza hiari gani hiyo. Sasa kama mipaka ilichorwa vibaya tangu mwanzo, kufuli lako linamlinda nani?

Mchangiaji wa pili: Mnabishana kuhusu karatasi tu. Karura pale Nairobi ulitangazwa msitu wa serikali 1932, na bado miaka ya 1990 vipande vyake vikagawiwa wajenzi binafsi. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti, wakapigwa hadi damu. Leo humo watu wanakimbia, wanaendesha baiskeli, wanaleta watoto. Mnyakuzi akitokea kesho atakuta maelfu wanaoujua kila njia.

Mleta mada: Kuhusu Serengeti nimekubali, nilikwenda haraka. Wenyeji waulizwe kabla ya kufuli. Ila kufungua nako kuwe na bei. Marekani hao hao wana mfuko wa 1964 wa kugharamia bustani na maeneo ya mapumziko: bustani iliyopata fedha zake haibadilishwi matumizi mpaka iletwe ardhi nyingine yenye thamani isiyopungua ile, na inayofaa kwa mapumziko vilevile. Unataka maegesho? Onyesha kwanza bustani mpya iko wapi. Je, sharti kama hilo lingewafaa watu wa Ngorongoro?

Mchangiaji wa kwanza: Thamani kwa hesabu ya nani? Mthamini anaangalia ekari. Mfugaji anauliza maji yako wapi kiangazi.