Kumpa mtu paka halafu umuombe pesa ni sawa? Naombeni ushauri

BintiMkomani:
Assalaam aleikum wana Lamu na majirani zetu wa Malindi. Nina jambo linaninyima usingizi. Mume wangu amepata uhamisho Nairobi, tunahama mwisho wa mwezi, na nyumba tuliyopata landilodi amesema hataki mnyama yeyote hata ndege wa kwenye tundu. Nina paka jike wa miaka 3, nilimuokota gatini akiwa mdogo macho yamegandana kwa usaha nikamlea pamoja na mtoto wangu mpaka wakawa wanalala mkeka mmoja. Nimemfunga kizazi, kachanjwa kichaa cha mbwa kila mwaka, kadi yake ninayo.

Sasa nikawaambia majirani namtafutia mtu, na atakayemchukua anipe 2,000. Jamani sio biashara, kwa hesabu ya dawa na kufunga kizazi hiyo hata nusu haifiki, ila naogopa mtu akimpata bure atamuona wa bure, akimchoka amtupe sokoni. Jana jirani mmoja ninayemheshimu sana akanambia mbele za watu paka hauzwi, dini imekataa, ulimuokota bure mpe bure. Niliingia ndani nikalia. Nimekosea wapi?

KijanaWaLangoni:
Pole dada, kusemwa mbele za watu kunauma. Lakini kwa hiyo 2,000 mimi siko na wewe. Hiyo kwa mtu wa kibarua hapa ni pesa ya siku mbili tatu za kubeba mawe na mchanga, nani ataitoa kwa paka na mapaka yamejaa kila kichochoro? Bibi yangu huku Langoni kila jioni anangoja wavuvi warudi aombe vichwa vya samaki, paka sita saba wanamzunguka miguuni, mmoja kipofu anamlisha kwa mkono. Huyo 2,000 hana na hatakuwa nayo. Ukiweka bei yeye umeshamtoa, na atakayebaki ni mwenye pesa tu, hujui ana moyo gani.

Kadzo_Malindi:
Naomba nieleze yaliyonikuta mimi kabla hamjamhukumu huyu dada. Nilikuwa nafanya usafi kwenye nyumba moja ya wageni huku Malindi, msimu ulipokwisha mwenye nyumba akarudi kwao Ulaya akaacha mbwa watatu na askari wa geti na pesa kidogo ya chakula. Pesa ikaisha. Askari naye ana watoto, simlaumu, akawagawa wale mbwa jioni moja kwa yeyote aliyepita. Bure. Wiki mbili baadaye nikamkuta mmoja kwenye kiwanja cha kufyatulia matofali, kafungwa kamba fupi hata kulala vizuri hawezi, jua la saa saba, maji hakuna, shingo imeingia kidonda. Yule bwana aliponiona nalia akaniambia chukua tu, hata mimi nilipewa.

Tangu siku hiyo nikimtafutia mnyama nyumba naomba pesa. Mtu mwenye nia mbaya hapendi kutoa hata mia tano, anaenda kutafuta wa bure kwingine. Na wako wanaochukua wa bure wakauze. Paka wetu wenyewe, wale wa msitu wa Arabuko-Sokoke ambao Wagiriama wanawaita kadzonzo, walichukuliwa na mzungu mmoja mwaka 1978 wengine wakafika mpaka Denmark, leo huko ni aina yenye jina na bei yake. Kwa hiyo msidhani paka wa kichochoroni hana soko.

Lakini niseme ukweli wote, pesa pekee haikunilinda. Kuna mtu alinilipa 3,000 bila kubishana, ana gari, kavaa vizuri, nikafurahi sikumuuliza mengi, baada ya mwezi nikasikia yule mbwa kashauzwa tena Kilifi. Sasa naomba kidogo, na kabla ya kutoa mnyama naenda mpaka nyumbani kwa mtu nione atalala wapi, watoto wanamshikaje. Na dada, kumfunga kizazi ndio zawadi kubwa uliyompa, kwa sababu paka jike hushika mimba hata kwa miezi mitano na anabeba kama miezi miwili tu, piga hesabu mwenyewe.

MvuviWaShela:
Mbona punda tunauziana kila siku na hakuna anayesema kitu

MaalimMstaafu:
Mwanangu BintiMkomani, usilie. Jirani yako hakutunga, hadithi ya kukataza thamani ya mbwa na paka iko katika kitabu cha Sahih Muslim, kutoka kwa sahaba Jabir. Ila asiishie hapo. Imam Nawawi, ambaye ni wa madhehebu yetu ya Shafii, alipoisherehesha alisema paka mwenye manufaa kuuzwa kwake ni sahihi na thamani yake ni halali, na ndio kauli ya wanazuoni wengi. Katika maelezo aliyotoa kuhusu katazo lile, moja ni kwamba si la kuharamisha, bali watu wazoee kupeana paka kwa hiba, yaani zawadi, na kuazimana na kusameheana. Wapo wanazuoni waliokataa kabisa, nao tunawaheshimu. Mbwa ni mas-ala mengine, Shafii hawajuzishi kumuuza.

Rai yangu mtoe kwa hiba, na kama mtu ana uwezo mwambie waziwazi gharama ya chanjo ni hii, nisaidie. Asiye nayo usimrudishe. Na jirani yako angekuita pembeni, nasaha haitolewi sokoni.

BintiMkomani:
Shikamoo maalim, umenitua mzigo, Mungu akuzidishie. Kadzo nimesoma habari ya yule mbwa mara mbili, nimekuelewa.

KijanaWaLangoni, kesho baada ya alasiri naomba unipeleke kwa bibi yako nimuone na anione, nitakuja na mwanangu maana yeye ndiye atakayeaga. Pesa sitaki. Kadi ya chanjo nitamuachia, na chanjo ya mwakani nitamtumia mimi kwa M-Pesa kutoka huko Nairobi. Muulize tu kitu kimoja: wale paka wake wanaweza kumkubali mgeni? Huyu wangu hajazoea kugombania chakula, anakula polepole.

KijanaWaLangoni:
Nimemuuliza sasa hivi. Amesema atamlisha ndani peke yake mpaka wenzake wamzoee. Anauliza jina lake nani